Sukuma Haichumwi Kama Chai

Kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka masikio yangu huwaka, hata nikiwa peke yangu jikoni. Ni siku ambayo mama mmoja, aliyenipa miche ya sukuma wiki bila hata kungoja asante, aliambiwa aache shamba lake kwa sababu ya mdomo wangu. Sikumpiga. Sikumwibia kitu. Nilisema tu maneno machache nikiwa kwenye foleni, na yalitosha.

Mwanangu Chepkorir, mimi shangazi yako nakuandikia nikiwa na hasira, na ni vizuri ujue hivyo tangu mwanzo. Nimengoja siku mbili ipoe, haijapoa. Juzi uliweka kwenye grupu letu la familia picha ya sukuma yako iliyokataa, ukaandika chini yake kwamba mboga zilikuwa nzuri mpaka jirani yako, yule mjane, akapita hapo na kuzisifu. Ulisema hivyo tu. Wengine ndio walioongeza. Mmoja akaandika kwamba kuna watu wana macho. Mwingine akakushauri uweke ua mrefu. Binamu yako wa Kericho, ambaye hajashika jembe tangu amalize shule, akasema huyo mama achunguzwe ametoka wapi.

Mimi nikaikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka macho yakauma. Sikuona jicho la mjane. Niliona kitu kingine, na nitakuambia ni nini, lakini kwanza lazima nikuambie nilikijulia wapi.

Labda si mimi wa kukukaripia. Niliishia darasa la saba, wewe una diploma, na mwanzo wa barua hii nimeuandika mara tatu nikiuchana. Nilisema moyoni, niache, huyu ni bibi wa watu sasa. Halafu nikamkumbuka yule mama, nikachukua kalamu tena.

Kama unavyojua, sisi wa kwetu ni watu wa Chebunyo. Kule ni ng'ombe na mbuzi, na mvua ni ya kuomba. Mboga hatukuzilima. Managu ilijiotea yenyewe kando ya boma, pale ng'ombe walipolala, tukachuma vichwa vyake, ikatoa matawi mengine, tukachuma tena. Basi nilipoolewa nikaletwa huku juu, upande wa Kapkatet, nikaona kijani kila mahali, nilifikiri ardhi hii hata ukipanda mwiko utatoa majani.

Chai nilijifunza haraka. Hilo sijisifu, waliokuwepo watakuambia. Majani mawili na kichipukizi, juu tu, mikono miwili kwa pamoja, kikapu mgongoni, na huinami kwa sababu mchai umekatwa ukawa sawa kama meza mbele ya kiuno chako. Haukupita mwaka nikawa nawaacha nyuma wanawake waliozaliwa ndani ya chai. Wakaanza kusema, "Huyu wa Chebunyo ana vidole vya mashine." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji kwenye kikapu, lakini kichwani niliyatia.

Ndipo baba mkwe akasema nipewe kipande nyuma ya jikoni nipande mboga. Palikuwa na michai mizee iliyong'olewa mwaka uliotangulia. Udongo mwekundu, laini, unapendeza kwa macho. Sikuwa na mche hata mmoja.

Mwenye miche alikuwa Mama Achieng. Yeye na mume wake walitoka upande wa ziwa. Mume alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha majani ya chai, nao walikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako hakuna hata pa kupanda kitunguu. Kwa hiyo baba mkwe alikuwa amemwazima ukanda mdogo kando ya kijito chetu, na alikuwa ameulima miaka mingi kabla mimi sijafika. Sukuma yake ilikuwa na majani mapana kama sinia. Watoto wake wanne walikula hapo, na zilizobaki aliuza kwa majirani. Huo ukanda ulikuwa ndio jiko lake. Tafadhali kumbuka hilo unaposoma mbele.

Alikuwa mama wa utani. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Siku moja alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya kijito.

"Wewe Chebunyo. Njoo uchukue miche kabla sijawapa kuku."

Nikaenda. Akaning'olea miche kutoka kitalu kilekile alichokuwa akipandia mwenyewe, akaifunga kwa jani la mgomba.

"Sasa sikia," akasema. "Hapo kwenu nyuma ya jikoni udongo umekunywa mbolea ya chai miaka na miaka. Umechacha kama ndimu. Chai inapenda hivyo, sukuma haipendi. Tia jivu la jikoni, tia samadi iliyokaa, si ile ya leo asubuhi inayotoa moshi. Ngoja wiki mbili ndio upande. Ikikomaa, uje nikuonyeshe kuchuma."

"Kuchuma?" nikacheka. "Mama Achieng, mimi ndio wa kuonyeshwa kuchuma?"

"Haya, bingwa," akasema, akarudi kwa jembe lake.

Mwanangu, nilipanda siku hiyohiyo. Jivu nililiona ni uchafu. Nilijiuliza, mtu mwenye gunia zima la mbolea ya chai kwenye stoo atasumbuka na jivu kwa nini? Nikaibana miche karibukaribu ili nionekane nina nyingi. Baada ya wiki kadhaa, ilipoanza kusimama, nikachukua ile mbolea ya chai, nikamwagia kila shina konzi moja, pale pale shingoni, jinsi nilivyoona wakifanya kwa mchai. Kwa haki niseme kwamba hakuna aliyenituma. Mbolea ilikuwa ya baba mkwe, nami niliichukua bila kumwambia.

Mwanzoni ilipendeza. Ikawa kijani cha kung'aa. Nikaanza kuchuma, na nilichuma kwa raha sana. Halafu kingo za majani zikaanza kuwa kahawia, kama karatasi iliyokaribia moto. Mchana wa jua sukuma ilikuwa inalala, jioni inaamka kidogo, kesho inalala tena. Na majani mapya yakawa yanatoka ubavuni, madogo kama masikio ya panya. Nikaongeza mbolea. Ikazidi.

Ng'ambo ya kijito, ya Mama Achieng ilikuwa inafika kiunoni.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Jioni moja tulikuwa tumepanga foleni kwenye kituo cha kupimia majani, tukingoja lori, vikapu vimejaa. Mwanamke mmoja akaniuliza, kwa mzaha tu, mboga zangu zinaendeleaje, maana alikuwa amepita akaziona. Wengine wakacheka. Nikaona aibu. Ningeweza kusema, "Sijui ninakosea wapi." Maneno matatu. Badala yake nikasema, "Miche nilipewa na Mama Achieng. Yake inastawi na yangu inakufa, na imetoka kitalu kimoja. Mtajua wenyewe."

Sikutaja uchawi, nataka niandike hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini nataka niandike na hili, kwa sababu nalo ni kweli: nilijua ninachofanya. Nilikiacha kikombe nusu nikijua watu watakijaza. Na walikijaza. Hapo hapo mmoja akasema kwamba watu wa huko wana dawa zao. Mwingine akakumbuka ng'ombe wake aliyekauka maziwa baada ya Mama Achieng kuomba maji kwake. Yule ng'ombe alikuwa mzee, mwanangu. Alikuwa mzee kunishinda mimi. Hakuna aliyesema hivyo, na mimi pia nilinyamaza.

Ulimi hauna mfupa, lakini unajua kuvunja. Haikupita wiki, maneno yakamfikia baba mkwe. Alikuwa mzee wa kanisa na hakuamini mambo ya uchawi. Nisimseme vibaya, amelala sasa, na alikuwa mtu mpole. Lakini watu walimjia, wawili, watatu, wakimuuliza kwa nini anamweka mtu kama huyo kwenye maji ya kijito ambayo wote wanateka. Akachoka. Akamwita Mama Achieng akamwambia, "Mama, kwa ajili ya amani, acha kile kipande. Chukua mboga zako mpaka Jumamosi."

Kwa ajili ya amani! Mpaka leo nikisikia mtu akisema hivyo nataka kumuuliza, amani ya nani? Ya waliosema uongo au ya aliyesingiziwa? Kila mara amani inaponunuliwa, anayelipa ni yule asiye na ndugu karibu. Lakini tena, mimi ni nani wa kumuuliza marehemu, na moto niliuwasha mwenyewe.

Mama Achieng hakungoja Jumamosi. Kesho yake asubuhi tulimwona kwenye ukanda wake, ameinama, anang'oa. Hakuwa anavuna. Alikuwa anang'oa na mizizi, mche mmoja mmoja, anaulaza chini vizuri kama anayelaza mtoto. Baba mkwe akasimama juu ya ukingo hajui afanye nini na mikono yake. Majirani wawili watatu wakaja kutazama, kama kawaida yao. Mimi nikajificha nyuma ya mlango wa jikoni.

Ndipo akatokea Kogo. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa nyanya wa mume wangu, Tabutany, mwanamke mwembamba mwenye fimbo, asiyesikia vizuri ila akitaka. Akauliza kwa sauti, "Nani amekufa?"

Baba mkwe akajaribu kumweleza. Kogo akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akaingia kwenye ukanda, akaokota sukuma moja iliyong'olewa, akaigeuza akatazama mizizi. Nyeupe, mingi, kama ndevu za mzee. Akaibeba hivyo hivyo mpaka nyuma ya jikoni kwangu, na wote wakamfuata, hata Mama Achieng, jembe likiwa begani. Nikalazimika kutoka.

Kogo akang'oa moja yangu. Haikumsumbua, ilitoka kama jino bovu. Mizizi ilikuwa na vinundu vinene kama tangawizi. Na shingoni, mwanangu, zile chembe za mbolea ya chai zilikuwa bado zimelala pale, nyeupe, kila mtu anaziona.

"Hawa ni mapacha," Kogo akasema, ameshika moja huku na moja huku. Alisema kwa Kipsigis, mimi naandika kwa Kiswahili kadiri niwezavyo. "Mmoja amelazwa kwenye kitanda. Mwingine amelazwa kwenye chumvi." Kisha akanitazama. "Wewe. Chuma mboga ya mchana."

"Sasa, Kogo?"

"Watu wana njaa."

Nikashuka kwenye laini za mboga zangu. Na mikono yangu, Mungu ndiye shahidi wangu, ilikwenda juu yenyewe. Mikono miwili kwa pamoja, majani mawili na kichipukizi, tap, tap, tap, nikatupa nyuma ya bega kana kwamba kikapu kiko pale. Zile chache zilizokuwa bado na kichwa, nikazikata vichwa mbele ya wote. Nilifika mche wa saba kabla sijakumbuka kwamba natazamwa.

Jirani mmoja akanyoosha shingo. "Lori la kiwanda linakuja saa ngapi?" akauliza.

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Baba mkwe alitazama upande mwingine, kwa heshima ya mkwe. Mama Achieng peke yake hakucheka. Alisema polepole, kwa Kiswahili, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu hajawahi kuinama. Anaona sukuma ni meza."

Nikaanza kusema sikujua. Kogo akainua fimbo.

"Kutojua si kosa," akasema. "Mimi pia nilipoletwa hapa sikujua chai ni kitu gani, nilifikiri ni ua la wazungu. Lakini ulipokosa kujua, ulikwenda kwa nani? Ulikwenda kwenye foleni. Vidole vyako ndio vilikuwa mwizi, wewe ukamkamatisha mtu aliyekupa miche. Nyani haoni kundule, sawa, lakini hata nyani hamwambii jirani kwamba ndiye aliyemwekea." Hayo ya nyani ni mimi nimeyatia kwa Kiswahili. Yeye alitumia neno la kwetu ambalo siwezi kuliandika kwenye barua ya familia.

Baba mkwe akakohoa. "Basi, Mama Achieng. Acha kung'oa. Kipande ni chako kama zamani."

"Mzee, nimesikia," Mama Achieng akasema. "Na hizi laini tatu nilizong'oa, nizifanye nini?"

Laini tatu kati ya tano zilikuwa zimelala kwenye jua, majani mapana yakianza kulegea, na hiyo ilikuwa mboga ya watoto wanne.

Kogo akaniambia niende kumwomba msamaha kwa desturi. Kwetu mtu akiomba amani hushika nyasi mbichi mkononi. Nikachuma nyasi, nikachukua na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, nikaenda mpaka mlango wake kwenye nyumba za wafanyakazi. Nikasimama na nyasi zangu. Mama Achieng alizigusa kwa kidole.

"Hizi nyasi," akasema, "sisi kwetu tunalisha ng'ombe. Na mimi sina ng'ombe, Chebunyo. Maziwa nitachukua, watoto watakunywa. Lakini hukunitukana hapa mlangoni kwangu. Ulinisemea kwenye foleni ya majani. Peleka msamaha huko."

Hilo sikulitarajia. Nilifikiri nyasi na machozi vitatosha. Nikamwambia nitafanya. Na sikufanya kesho yake. Wala kesho kutwa. Nilikuwa napima majani yangu natoka mbio. Siku tatu nzima nilibeba maneno yale kama mtu aliyemeza mfupa, na kila siku niliyochelewa, uongo wangu ulikuwa unaotesha mizizi nyumba nyingine.

Siku ya nne nikasema. Nilipanda juu ya ule ubao tunaowekea vikapu, nikasema kwa sauti kwamba Mama Achieng alinipa miche mizuri, akanifundisha nikakataa kusikia, na sukuma yangu niliiua mwenyewe kwa mbolea ya chai na kuikata vichwa. Wengine walisikiliza. Wengine waliendelea na hadithi zao. Wengine walicheka ile sehemu ya vichwa. Na nilipokuwa nashuka, mwanamke mmoja aliyekuwa jirani yangu kwenye foleni akaninong'oneza kwa huruma, "Wamekutisha, eh? Pole."

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu, ni kitu gani nilichokifanya. Ukweli wangu ulionekana uongo, na uongo wangu ulishakuwa mali yao. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama Achieng alilima ule ukanda msimu mmoja zaidi. Baadhi ya majirani hawakununua tena mboga kwake. Halafu akauacha. Watu walisema mume alihamishwa, wengine wakasema alichoka kutazamwa. Sijui. Nimejiuliza miaka yote, na sitaki kujifanya mkubwa kiasi kwamba kila jambo lilitokea kwa sababu yangu, wala sitaki kujiosha. Ninachojua ni kwamba katika huo msimu mmoja alinifundisha kuchuma. Alikuja mwenyewe nyuma ya jikoni. Alinishika kiuno, akanisukuma chini nikainama, akaweka kidole changu gumba chini kabisa ya jani la mwisho, akasema, "Vunja kwenda chini. Acha juu majani matano au sita na kichwa chake. Kichwa ni cha sukuma, si chako." Kisha akapiga mgongo wangu kofi kubwa, nadhani kubwa kuliko lilivyohitajika. Lilinistahili.

Sasa turudi kwenye picha yako.

Chepkorir, zile sukuma hazina vichwa. Umezichuma kama chai. Mashina yamekatwa juu sawasawa, na ubavuni kuna majani ya masikio ya panya. Wewe pia umekulia kwenye chai, huku kwangu, mikono yako ilikwenda juu yenyewe, na kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Nakulaumu kwa yale uliyoyaandika. Na shingoni mwa yale mashina ya mbele nimeona chembe. Uliza mume wako ni gunia gani alilofungua.

Hizo zilizobaki si lazima ung'oe zote. Zile ambazo mizizi ni mizima, acha chipukizi moja tu la ubavuni, lile lenye nguvu, toa mengine, na litakuwa kichwa kipya. Ondoa hiyo mbolea kwa mkono, mwagilia maji mengi asubuhi, si saa sita jua likiwa kichwani. Ukikuta mizizi yenye vinundu kama tangawizi, huo ni ugonjwa wa udongo uliochacha, hiyo ng'oa uichome, usiitupe kwenye shimo la samadi, na usipande sukuma wala kabeji hapo kwa misimu kadhaa. Panda maharagwe, panda managu. Managu ndiyo inayopenda kuchumwa juu, mikono yako itafurahi. Tia jivu kabla ya kupanda, na kama mnaweza kupata chokaa ya shamba, ni bora zaidi. Samadi iwe ya zamani. Ukiiweka mkononi ikiwa baridi na inanuka udongo, hiyo ni samadi. Ikiwa na joto, hiyo bado ni mavi, uniwie radhi.

Uliniambia pia kwa simu kwamba miche mingine uliikuta asubuhi imekatwa chini na kulala, ukasema ni mtu amefanya makusudi. Kabla ya kumtafuta mtu, chimbua udongo kwa kidole karibu na mche uliokatwa. Utakuta mdudu wa kijivu amejikunja kama pete. Anaitwa sota. Hana chuki na wewe. Mponde, kisha uuzungushie kila mche ukanda wa karatasi ngumu, nusu udongoni, nusu juu. Wale wadogo wanaojazana chini ya majani, maji ya sabuni kidogo na subira vinawatosha.

Na hapa hasira yangu inarudi, kwa wale wa duka la agroveti wanaomuuzia mtu sumu bila kumuuliza analima nini. Kwa haki, si wote. Yupo mmoja huku aliyenirudisha nyumbani akasema, "Mama, nenda ulete jani kwanza." Lakini wewe, kwa maneno yako mwenyewe kwenye simu ileile, umenunua chupa ya sumu, umepulizia Jumatatu, na Jumatano umepika. Maandishi kwenye chupa ni madogo, najua. Mwite mwenye macho akusomee ni siku ngapi za kungoja. Unayemlisha ni mume wako, si sota.

Sasa sikiliza nasaha yenyewe, ili usiseme shangazi alizunguka. Mboga ikikukataa, anza na mikono yako. Kisha udongo. Kisha maji, kisha mdudu. Ukimaliza hayo yote na bado hujui, nenda kwa mtu ambaye mboga zake zinastawi, umwambie, "Sijui ninakosea wapi." Ni maneno matatu tu, na mimi kwa kuyakosa niliwanyima watoto wanne mboga. Jirani anayestawi ni mwalimu uliyewekewa karibu. Ukimfanya adui umejifungia shule mwenyewe.

Na hili silikuombi, nakuambia. Leo, kabla ya kulala, uandike kwenye lile grupu, palepale, mbele ya wote walewale, kwamba yule mama hana kosa. Usinitumie mimi ujumbe wa pembeni. Usimpelekee zawadi ukidhani imetosha. Mimi nilichelewa siku tatu, na foleni yetu ilikuwa ya wanawake thelathini hivi. Simu yako inafika kwa watu ambao hata huwajui. Usipoandika, nitaandika mimi, na sitakuwa na maneno matamu kama ya diploma.

Huenda nimekuwa mkali kupita kiasi. Nikisoma tena naona ni mkali, lakini sitafuta. Nakupenda kama nilivyompenda baba yako, na yeye pia nilimkaripia.

Mungu wa mbinguni akuzuilie mvua ya mawe isipite kwako. Akupe jivu na samadi, akupe subira ya wiki mbili. Sufuria yako isikose mboga, na mboga yako isikose jirani wa kugawana naye. Amina.